Mizani ya Makambako

Zamu ya usiku. Baridi ya Juni imeingia kibandani
bila hodi, imekalia kiti changu.
Navaa makoti mawili na soksi za mpira za kaka Eliudi,
nasubiri taa zipande kutoka Igawa.

Lori linakanyaga bamba. Ekseli ya kwanza, simama.
Ya pili, simama. Tarakimu zinatetemeka kiooni
kisha zinatulia kama kuku aliyepata kiota.
Tani hamsini na tano, nukta nane.
Pita.

Baba wa babu alipimwa kwa ratili.
Sitini, utosini, kutoka Lupembe hadi Iringa,
na umbali aliutaja hivi:
"Utalala mara nne, utavuka mto mmoja wenye hasira."
Siku ya kumwosha, bibi alisema,
kila kitu kilikuwa kimelala isipokuwa ile sugu ya utosini.

Ndipo likaja Bedfodi la Mgiriki wa tumbaku.
Husimuliwa kwamba watu walilikatia majani.
Uongo. Babu Sigatambule alikuwepo, mtoto wa kaptula:
wazee waliinama wakalichungulia uvunguni,
wakitafuta utosi uko wapi.

Alipokua wakamwandika utingo.
Kazi yake kigingi, kipande cha mninga
kizito kama mtoto wa mwaka.
Kitonga ikiinuka, Bedfodi likikohoa,
aruke, akimbie nyuma, akisukume chini ya tairi
kabla lori halijakumbuka bonde.
Miaka kumi na tisa alikimbia nyuma ya gari
na kijijini wakimwita msafiri.

Sabini na nne tukahamishiwa barabarani.
Nyumba zikageuza nyuso, zikaipa mashamba visogo.
Njia za miguu zikaota nyasi midomoni.
Viazi vilivyokuwa chakula vikawa lumbesa,
gunia lenye kilemba, likisubiri bei kutoka kwa mtu
asiyezima injini.

Na zile gesti za taa nyekundu. Shangazi Tulalumba
alipika wali wa madereva, akacheka nao, akapendwa.
Kisha akaanza kupungua.
Ilembula walimpandisha mizani kila wiki:
arobaini na moja. Thelathini na nane. Thelathini na nne.
Mimi huwaandikia faini waliozidi.
Kwa aliyepungua, sijui fomu yake iko wapi.

Lakini sina ugomvi na magari, nisiseme uongo.
Mama alishikwa na uchungu Mtwango usiku wa mvua,
akapakiwa juu ya mbao mbichi za lori la mtu wa Mafinga.
Nikazaliwa kabla ya lami, nikinuka msindano.
Kilo mbili na nusu. Dereva hakudai nauli,
alidai tu turubai lake lifuliwe.

Shuleni walinifunza mizani nyingine:
nane na nane, kina kati, kina mwisho.
Nilijaribu kuuandika ukoo wetu hivyo. Ulikataa.
Umeelemea upande mmoja,
ekseli ya nyuma ingevunja mshororo.

Babu alipofariki, kigingi kilibaki kikizuia mlango wa jiko.
Eliudi, anayekata katambuga kutoka tairi chakavu,
alitaka kukichana kuni. Nikakiomba.
Leo, saa tisa na robo, barabara tupu,
nimekibeba hadi katikati ya bamba, nikakilaza,
nikarudi mbio kibandani nikitweta, kama yeye,
kutazama kioo.

Sifuri.

Bamba hili halisikii chochote chini ya kilo ishirini.
Nikachukua daftari, nikaandika kwa wino:
Mzigo: mti. Mmiliki: Sigatambule Mligo.
Atokako: Kitonga. Aendako:

hapo kalamu ikasimama,
na nyuma yangu honi ikalia, ndefu, ya mtu mwenye haraka,
taa zake zikikimulika kigingi
kikatupa kivuli kirefu kuliko lori.